Masikio kuziba Mau Summit, abiria kutapika Londiani: wanaojua mwili waje hapa

MakangaWaZiwa
Wadau, salaam. Mimi ni makanga, napiga Kisumu–Nakuru. Kuna mambo nayaona barabarani kila uchao na kila abiria ana maelezo yake, kwa hivyo nimeyaleta hapa wenye masomo yao wayachambue.

La kwanza ni masikio. Tukitoka Kisumu, Ahero hadi Awasi ni tambarare, hakuna neno. Tukianza kupanda Kericho masikio yanapasukapasuka kidogo, yanaachilia, maisha yanaendelea. Shida iko mbele. Tukishapita Mau Summit na kuanza kuteremka Sachangwan kwenda Salgaa, watoto wanalia gari zima, na watu wazima wanajichokonoa masikio kwa vidole. Kwa nini kushuka kuume kuliko kupanda?

La pili, kutapika. Mtu amekunywa chai mkavu asubuhi anatapika Londiani. Dereva wangu amekula ngege mzima na ugali na hajawahi kutapika tangu nimjue. Na ukichunguza, wengi wanaoomba karatasi ni wale waliokuwa wameinamia simu.

La tatu ndilo linanichekesha. Tukibeba gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, pale nyuma, abiria wa kwanza wanafoka, "Makanga, hiki ni kitu gani?" Kufika Ahero, kimya. Kericho anapanda mtu mpya, anafunika pua na leso, na wale wale waliokuwa wakifoka wanamwona kama anajifanya! Gunia halijashuka. Harufu imeenda wapi?

Nasubiri. Wa matusi wapitie uzi mwingine.

KijanaMilimani
Nimeketi. Nani ana njugu?

NyarAwasi
Omera, hapo kwa watoto umesema. Wangu wa miezi saba nilimpeleka Nakuru kwa shangazi yake, alilala vizuri tangu nyumbani, tukiteremka Sachangwan akaamka na kilio ambacho sijawahi kusikia. Abiria wakaanza kuniangalia kama mama asiyejua kulea.

MzeeWaTrela
Nyinyi vijana mnapenda kuzungusha maneno. Mau kuna baridi. Baridi ikiingia sikioni lazima lizibe, weka pamba, mambo yamekwisha. Kutapika ni mvuke wa petroli. Nimeendesha magari makubwa Mombasa hadi Malaba kabla wengi wenu hamjazaliwa.

MwalimuWaKakamega
Mzee, kwa heshima zote, baridi haihusiki. Hata gari likiwa na joto ndani, masikio yataziba. Kinachobadilika ni hewa. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Mau Summit inakaribia mita 2,500, halafu Nakuru unarudi chini hadi kama mita 1,850. Ukipanda, hewa iliyo juu yako inapungua, na kanieneo yake, yaani nguvu inayosukuma nayo, inapungua pia. Kutoka Kisumu hadi Mau Summit inashuka kwa takriban asilimia 15. Hata pakiti ya krisps iliyofungwa hufura njiani, wanangu darasani huniambia hivyo kila wakirudi kutoka likizo. Sasa nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Hewa hiyo nayo inafura.

Kwa nini kushuka ni kubaya zaidi, hapo namwachia mtu wa tiba. Nasikia tuko naye humu.

MulembeMasikio
Mulembe wote. Nafanya kazi kliniki ya masikio, pua na koo huku magharibi, na wiki haipiti bila mtu kuniuliza swali la makanga.

Chumba alichotaja mwalimu kinaitwa sikio la kati. Kina mrija unaokiunganisha na nyuma ya pua, mrija wa Eustachi, uliopewa jina la Bartolomeo Eustachi, daktari Mwitaliano wa karne ya 16. Muda mwingi mrija umefungwa. Unafunguka ukimeza mate au ukipiga mwayo.

Ukipanda, hewa ya ndani inafura na kujisukumia nje yenyewe. Ndiyo ule mpasuko mdogo mnaousikia Kericho. Ukishuka mambo yanageuka: hewa ya nje ndiyo nzito sasa, inakisukuma kiwambo kuelekea ndani, na wakati huo huo inaubana mrija ujifunge zaidi. Ni kama mlango unaosukumwa kutoka ndani tu. Aliye nje asipofunguliwa, atabaki nje. Wewe ndiwe wa kuufungua, kwa kumeza.

Mama, wako alikuwa amelala, na mtu akilala hamezi mate sana. Tena mrija wa mtoto ni mfupi, mwembamba na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hivyo mafua kidogo tu yanauziba. Safari ijayo mwamshe kabla ya mteremko na umpe ziwa. Akinyonya, anameza, na kila akimeza mlango unafunguka. Mtu mzima atafune chingamu au apige mwayo.

Mkitaka kuuhisi mrija huo sasa hivi, banani pua kwa vidole viwili na mmeze mate. Mtasikia masikio yakivutwa ndani, sauti za nje zikififia. Sasa achieni pua na mmeze tena, yanaachilia.

Onyo moja: mwenye homa na mafua mazito asilazimishe kupuliza pua akiwa ameibana. Anaweza kusukuma uchafu wa pua hadi sikio la kati.

NyarAwasi
Daktari, ero kamano. Nimebana pua hapa sokoni, jirani yangu ananiuliza kama nyanya zangu zinanuka.

KijanaMilimani
😂😂 Haya, twende kwa matapishi.

MulembeMasikio
Twende. Mzee, petroli inaweza kuongeza kichefuchefu, hilo sikatai. Lakini mtu hutapika pia kwenye mashua isiyo na injini, na hutapika akipanda ngamia. Chanzo kiko ndani zaidi ya sikio la kati.

Humo kuna viungo viwili vilivyoungana na kutumia maji ya aina moja. Kimoja ni koklea, cha kusikia. Kingine ni cha kukujulisha kichwa chako kinaelekea wapi: mifereji mitatu midogo iliyopinda, kila mmoja umeelekea upande wake, pamoja na vifuko viwili vyenye fuwele za chokaa. Gari likikata kona, mfereji unazunguka na kichwa lakini maji yaliyomo yanachelewa. Kule kuchelewa kunapinda vinyweleo vya seli, na seli zinapeleka habari kwa ubongo: tumekata kona. Fuwele zenyewe zinaeleza breki, kuongeza mwendo na mashimo.

Sasa abiria ameinamia simu. Macho yanauambia ubongo kwamba tumetulia, maandishi hayasogei. Sikio linauambia tunakata kona za Londiani. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mgongano huo wa habari ndio unaoleta kichefuchefu. Dereva hapati shida kwa sababu macho yake yako barabarani na anajua kona kabla haijafika.

Ushahidi mzuri ni wa zamani. Mwaka 1882 Mmarekani William James alichapisha habari za viziwi waliozungushwa kwa kasi. Idadi kubwa kati yao hawakuona kizunguzungu hata kidogo. Ugonjwa uliowaua masikio ulikuwa umeua na mifereji. Watu wasio na mifereji inayofanya kazi hawatapiki baharini wala barabarani.

Jaribio la pili, na hili hufanywa na simu hiyo hiyo mnayosomea. Tikisa simu haraka kushoto na kulia huku ukijaribu kusoma mstari huu. Huwezi. Sasa ishikilie simu bila kuisogeza, na utikise kichwa kwa kasi ile ile. Unasoma. Mifereji inayageuza macho kinyume cha kichwa, kwa muda usiozidi takriban sehemu moja ya mia ya sekunde.

MzeeWaTrela
Nimetikisa kichwa. Mjukuu ameniuliza kama nimekataa chakula.

Lakini ni kweli, nimesoma. Endelea.

MakangaWaZiwa
Kwa hivyo wa kutapika nimweke mbele?

MulembeMasikio
Mbele, au dirishani akiangalia vilima vya mbali, simu mfukoni. Na mkisimama Kericho asishuke kwa haraka.

Omena sasa, maana hapo ndipo penye kiini. Juu kabisa ndani ya pua kuna kipande kidogo cha utando chenye mamilioni ya seli za neva. Linda Buck na Richard Axel walitangaza mwaka 1991 kundi la jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, wakapewa Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo. Harufu ya omena inagusa kadhaa kwa pamoja, na mchanganyiko huo ndio ubongo unaoutambua.

Vipokezi vikiguswa mfululizo vinapunguza majibu vyenyewe, na ubongo unaiweka kando harufu isiyobadilika. Pua iko kazini, ila haina jipya la kusema. Mtu wa Kericho kwake omena ni habari mpya. Na wale wa Kisumu wakishuka wakapata hewa safi kidogo, wakirudi garini watafoka tena.

Mifereji ya sikio ni vivyo hivyo. Mtu akizungushwa kwa mwendo ule ule bila kusita, maji yanaufikia mwendo wa mfereji na anaacha kuhisi kwamba anazunguka. Akisimamishwa ghafla, anahisi anazungushwa upande wa pili. Viungo hivi viliumbwa kutangaza mabadiliko.

Ndiyo maana makanga usiiamini pua yako kwenye mvuke wa petroli. Ukiisikia mwanzoni, simamisha gari hapo hapo, maana baadaye utadhani imeisha. Na moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, ambayo haina harufu hata kwa pua mpya.

FundiKibuye
Nimesoma kimyakimya tangu juu. Mimi natengeneza masanduku ya shule na majiko ya bati hapa soko la Kibuye, Kisumu. Nilipoanza, mlio wa nyundo ulikuwa unaniuma masikioni hadi usiku. Sasa nimezoea, sisikii uchungu wowote, kama hao abiria na omena. Ila kuna jambo. Mteja akiniambia sitini nasikia tisini, tunaanza kugombana bei. Mke wangu ananiambia nampuuza. Sauti yake naisikia vizuri kabisa, maneno ndiyo yanakuja nusu. Na usiku kuna kengele, ngiiii, haikomi. Hii nayo ni kuzoea?

MulembeMasikio
Hapana, kaka. Na nimefurahi umeuliza.

Ndani ya koklea mtu huzaliwa na seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 kila upande. Mawimbi ya sauti yanagonga kiwambo, yanapita mifupa mitatu midogo, nyundo, fuawe na kikuku (kikuku ndio mfupa mdogo kuliko yote mwilini, una urefu wa kama milimita 3), kisha yanaingia kwenye maji ya koklea. Georg von Békésy alipata Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha kwamba kila sauti ina mahali pake humo ndani. Sauti nyembamba zinasomwa karibu na mlango wa koklea, nzito zinasomwa mwisho kabisa.

Kelele kubwa inazivunja seli hizo, na zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni za karibu na mlango. Sasa angalia: nguvu ya sauti ya mtu iko kwenye irabu, nazo ni nzito. Konsonanti kama s, f, sh na ch ni nyembamba na dhaifu. Ndiyo maana mkeo unamsikia na humwelewi, na sitini inageuka tisini.

Pua ya abiria hurudi akipata hewa. Nyundo haikuumi sana tena pengine kwa sababu walioteuliwa kukuletea habari zake wamepungua. Kengele ya usiku kwa sehemu kubwa hutokana na ubongo kujiongezea sauti kutafuta habari ambayo haiji.

KijanaMilimani
Kwa nini isiote? Ngozi inaota, ukucha unaota.

MulembeMasikio
Kuku ndiye anayeota. Kweli kabisa. Miaka ya 1980 watafiti Marekani waliharibu masikio ya vifaranga kwa kelele, wakakuta seli mpya zimeota baada ya siku chache. Ndege na samaki wanaweza. Sisi hatuwezi.

MwalimuWaKakamega
Yaani sisi Waluhya tumemla ingokho miaka yote hiyo na hatukuambukizwa hata hilo. 😂

NyarAwasi
Mwalimu wewe!

MzeeWaTrela
Niingize swali langu kabla hamjafunga. Usiku Salgaa trela likinimulika taa zote, nabaki kipofu sekunde kadhaa. Zamani haikuwa hivyo.

MulembeMasikio
Kwa ufupi, mzee. Jicho lina seli za gizani zenye rangi maalum, inayotengenezwa kwa vitamini A. Mwanga mkali unaibabua rangi hiyo, na kurudi kikamilifu huchukua hata nusu saa. Umri nao unaiharibu lenzi, inaanza kutawanya mwanga. Trela likija angalia mstari wa kushoto wa barabara, usiangalie taa. Na upimwe macho, huenda mtoto wa jicho ameanza.

MakangaWaZiwa
Daktari, hii ya fundi imenitisha. Nimepakua programu ya kupima kelele, nikaishika siti ya nyuma tukicheza muziki wa ohangla. Imesoma 96.

MwalimuWaKakamega
Simu haipimi kwa usahihi wa kifaa cha maabara, lakini tuichukue hivyo. Kuna kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini: desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu. 88 ni saa nne. 91, mbili. 94, saa moja. Kwa 96 unabaki na dakika zisizofika 40. Kisumu hadi Nakuru mnatumia saa ngapi?

MakangaWaZiwa
Tatu na zaidi. Halafu tunarudi.

KijanaMilimani
Makanga, punguza hiyo sauti mimi nikipanda.

MakangaWaZiwa
Sauti ni ya dereva. Nikimgusia atauliza kama gari ni la mamangu. Lakini spika ya nyuma waya wake unapita chini ya kiti changu. Waya huwa zinalegea.

FundiKibuye
Nimerudi. Nilienda hospitali nikapimwa. Wamenifungia kwenye chumba kidogo, spika za masikio, ukisikia mlio unabonyeza. Wakanipa karatasi yenye mstari. Mstari unaenda sawa, halafu kwenye 4,000 unaanguka shimoni, halafu 8,000 unapanda tena kidogo. Masikio yote mawili. Nesi amesema nitaelezwa nikirudi, lakini mimi nimeleta kwanza kwa uzi wenu.

MulembeMasikio
Pole, kaka. Hilo shimo la hezi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde, ni alama ya kelele. Uzee peke yake huuteremsha mstari moja kwa moja hadi mwisho bila kupanda tena. Kurudi urudi, usiishie hapa. Waulize pia kuhusu kifaa cha kusaidia kusikia. Kikipangwa vizuri kinakuza zile sauti nyembamba tu, na watu wengi wenye kengele huona imepungua wakikivaa.

MwalimuWaKakamega
Ngoja, hii ni fizikia ya sekondari! Tundu la sikio lina urefu wa kama sentimita 2.5 na limezibwa upande mmoja na kiwambo. Mrija wa namna hiyo unakuza sauti ambayo urefu wa wimbi lake ni mara nne ya mrija, sentimita 10. Gawanya mwendo wa sauti, mita 340 kwa sekunde, kwa mita 0.1. Unapata hezi 3,400. Kwa hivyo sikio lenyewe ndilo linaloikuza kelele hapo.

MulembeMasikio
Ndivyo, mwalimu. Na uharibifu huonekana juu kidogo ya sauti iliyokuzwa, ndiyo maana shimo linakaa kwenye 4,000.

FundiKibuye
Kwa hivyo niweke pamba?

MulembeMasikio
Pamba kavu haizuii karibu chochote, hata ya Mzee wa Trela. Tafuta vile vizibo vya sponji unavyovibinya vikafura ndani ya sikio, au vile vikubwa vya kufunika sikio lote kama vya watu wa kukata miti. Maduka ya vifaa vya ujenzi huwa navyo. Uvae kabla nyundo haijaanza, na uvue nyundo ikishanyamaza. Kuvaa nusu siku ni hasara kubwa kuliko watu wanavyodhani.

FundiKibuye
Nimepata vikubwa, jozi moja tu ilikuwa imebaki dukani. Nina kijana ananisaidia, amemaliza shule juzi, ndiye anayekunja bati na kugonga kingo siku nzima. Nimempa yeye kwanza. Anasema vinamtoa jasho na wasichana wa sokoni wanamcheka.

MulembeMasikio
Jasho afute na kitambaa. Na mlete apimwe sasa, kabla hajaona shida yoyote, tupate mstari wake wa mwanzo wa kulinganisha. Nawe uchukue vya sponji kwa sasa, usigonge hata sanduku moja bila kitu sikioni.